Choo cha Wageni

Mimi tangu utoto ni mwepesi wa kinyaa. Unywele mmoja kwenye mchuzi unatosha kunifanya nisukume sahani, na dada zangu walikuwa wakinitania kwamba nitaolewa na mzungu anayekula kwa uma. Nikaolewa Kanazi, wilaya ya Ngara, na mkulima wa kahawa anayekula kwa mkono kama watu wote, na kinyaa changu nikahama nacho. Kwa hiyo nikisema kwamba siku ile kando ya ziwa nilitapika, mtu asiharakishe kunionea huruma. Tumbo langu limezoea kugoma kwa mambo madogo. Lile halikuwa dogo, na mpaka leo nikilikumbuka naenda kusukutua mdomo.

Kwetu kwa kuzaliwa ni Biharamulo, kijiji kimoja cha kata ya Bisibo. Lakini Bisibo penyewe ni mahali pa kuhamishiwa. Ukoo wa baba ulikaa ziwani, ufukweni kabisa, mahali ambapo sasa ni hifadhi ya taifa. Waliondolewa huko kabla mimi sijazaliwa, wakapakiwa kwenye malori na mbuzi wao na mikeka yao, migomba ikaachwa na mikungu yake. Baadaye pori likafunga njia, tembo wakarudi, na aliyekamatwa ndani akitafuta kuni au asali alipata kipigo ambacho alikuja kukisimulia akiwa amelala kifudifudi. Sisi watoto tulilijua ziwa kwa kuhadithiwa tu. Tuliambiwa nyumbani kwa bibi palikuwa na jiwe kubwa lenye shimo la kusagia ulezi, na ua mrefu wa minyaa wa kuzuia viboko, ingawa viboko wenyewe hawakuwahi kuuheshimu.

Miaka ya hivi karibuni mambo yakageuka. Wakaja wakubwa na magari yenye nembo, wakakutanisha kijiji, wakasema kwamba hifadhi sasa itasimamiwa kwa pamoja: upande mmoja wahifadhi, upande mwingine sisi, "wamiliki wa asili". Neno hilo walilitamka kwa heshima kubwa, mpaka wazee wengine wakageuka kutazama nyuma kuona anasemwa nani. Ikaundwa kamati ya pamoja. Wazee wa ukoo wakapewa viti ndani yake, na fulana, na soda za baridi. Langoni likasimikwa bango lenye maneno ya Kisubi, lugha yetu, yanayomkaribisha mtu nyumbani, kwa ajili ya wageni ambao hawajui hata neno moja la Kisubi. Sisi tunaokaribishwa tunaingia siku moja kwa mwaka, siku ya kufagia mahame yetu, palipokuwa nyumba zetu, kwa gari la hifadhi, na jioni tunatolewa.

Mama yangu alikuwa na haja moja tu na siku hiyo. Kabla yetu sote alizaa mtoto wa kiume huko ziwani, naye alifariki kabla hajaota meno. Katika ukoo wetu mama aliyefiwa na mtoto wake wa kwanza haruhusiwi kumlilia. Wanawake wanakaa naye ndani na kumziba mdomo, kwa maneno na ikibidi kwa kiganja, kwa sababu wanaamini akimlilia wa kwanza tumbo litafunga, hatazaa tena. Mtoto anazikwa na mama mkwe peke yake, ndani ya migomba, na juu ya kaburi haiwekwi alama yoyote, maana wachawi wanatafuta udongo wa makaburi. Mama haonyeshwi mahali hapo mpaka azae mwingine, na huyo mwingine aanze kutembea. Siku hiyo ndipo mama mkwe anamshika mkono, anampeleka, naye mama analia mpaka atosheke.

Dada yangu mkubwa alihamishwa ziwani akiwa mgongoni, bado hajasimama dede. Siku ya mama ya kulia ikapotelea hapo. Bibi, mama mkwe wake, alimweleza mama baadaye kwa maneno tu, huku Bisibo, alipokuwa mgonjwa wa kufa: ukisimama kwenye jiwe la kusagia, ukautazama ua wa minyaa, mtoto yuko katikati. Mama akayashika maneno hayo. Ametuzaa sisi, ametuozesha, amemzika baba, na kilio kile bado alikuwa nacho. Ni Mkatoliki safi, rozari haimtoki mkononi. Aliwahi kumweleza padri habari hiyo, padri akamwambia mtoto yuko salama kwa Mungu. Mama akamjibu kwamba hana ugomvi na Mungu, yeye anataka kulia.

Mwaka jana miguu ikaanza kumvimba na pumzi ikawa ya kutafuta. Akanipigia simu Kanazi. Hakuniuliza hali ya watoto wala ya kahawa.

"Mwaka huu nataka niende kwa mtoto," akasema. "Mwaka ujao sijui kama nitaweza kupanda gari."

Miaka yote ya nyuma alikuwa akiambiwa gari limejaa. Aliyekuwa akilijaza ni baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ambaye ndiye mkubwa wa upande wetu kwenye kamati ya pamoja. Nilipofika Bisibo nikaenda kwake moja kwa moja, kabla hata sijanywa maji. Nikamkuta barazani anakula nyama ya kuchoma, amevaa kizibao cha kaki chenye mifuko mingi, yote mitupu. Nikapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Ngara hawajambo?"

Hawajambo, nikamwambia, na nimekuja kwa ajili ya nafasi ya mama kwenye gari. Akachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti, akakitazama alichokitoa, akakirudisha mdomoni. Mate yakanijaa. Nikatazama pembeni.

"Gari limejaa," akasema. "Safari hii kuna wageni wakubwa. Tunapeleka wacheza ngoma."

Wacheza ngoma wenyewe walikuwa vijana wa Kisukuma kutoka Nyantakara, watoto wa wafugaji waliotoka Shinyanga. Sina neno na Wasukuma, ni majirani zetu na wanajua kucheza kuliko sisi. Lakini baba mdogo alikuwa amewashonea ngozi za mbuzi ili wajifanye Wasubi, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, ngoma zetu zimepoa na wageni wanataka vumbi litimke. Kwa hiyo kwenye gari la wamiliki wa asili walikuwa wanakaa watu ambao asili yao iko kwingine kabisa, na mwanamke aliyezaa na kuzika kule anaambiwa nafasi hakuna.

"Baba, mama anakwenda kumlilia mtoto wake," nikasema. "Unajua."

"Najua. Lakini shemeji ni mtu mzima, atatuharibia latiba."

Ratiba! Neno hilo alilipata kwenye kamati, pamoja na kizibao. Nikamwambia kwa adabu zote kwamba mama asipopata kiti, Jumapili baada ya misa nitasimama mlangoni mwa kanisa na kuwaeleza wanawake wote wa ukoo nani anamzuia asilie. Baba mdogo anawaogopa wanawake wa ukoo. Akameza kile kipande chake, akasema basi, shemeji aje, ila akae kimya na asisogee walipo wageni.

Tukaenda. Mama alipakizwa nyuma ya lori akiwa amekalia gunia la ngoma, amevaa kitenge chake cha Pasaka. Tulipopita lango akanyoosha shingo kama mtu anayetafuta duka analolijua, na alipoliona ziwa akaniminya mkono mpaka pete ikaniumiza.

Mimi nilikuwa sijawahi kufika. Nilitegemea niguswe, niseme hapa ndipo kwetu. Kilichonipokea ni harufu. Magugu maji yalikuwa yameoza ufukweni, mavi ya viboko yamelowana humo humo, na juu ya uvundo huo ikawa inapita harufu ya dawa ya kusafishia, ile inayojidai ni maua. Palikuwa na kambi mpya ya wageni, mahema makubwa yenye sakafu za mbao, mgahawa ulioezekwa kwa nyasi, viti vya kulalia vinavyotazama maji. Wageni walikuwa wameshafika, wazungu na watu wa mjini wa huku kwetu, wamevaa kofia pana, wanakula korosho. Tukapangwa upande wa pili chini ya turubai. Tulikuwa nyumbani, na tulikuwa tumeelekezwa pa kukaa.

Mama hakukaa. Akachukua fimbo yake, akaanza kutembea kuelekea kwenye jabali moja lililokuwa kati ya mgahawa na ziwa. Alilijua kabla hajalifikia. Nilikuwa nimeshuka nyuma yake, nikamwona anasimama, anainamisha kichwa.

Lilikuwa ndilo jiwe la kusagia. Lile shimo lililochimbika kwa mikono ya bibi na ya mama wa bibi lilikuwa limejaa maji ya mvua yaliyooza, na ndani yake vipisi vya sigara vimevimba vimekuwa njano, na kizibo cha chupa, na kitambaa cha karatasi ambacho mtu alikuwa amepengea kamasi. Pembeni pamechomekwa kibao kidogo: "Jiwe la Kale". Mama akapiga goti kwa shida, akatia mkono kwenye yale maji, akaanza kuvitoa vile vipisi kimoja kimoja kwa vidole vyake. Nikamwambia aache, nitatafuta kijiti. Hakunisikia. Akavitoa vyote, akakomba uteute kwa kiganja, akajifuta kwenye kitenge cha Pasaka.

Kisha akasimama, akaugeukia ua wa minyaa. Ulikuwapo bado, umerefuka kupita kiasi, umelegea huku na huku. Na katikati, pale bibi alipopasema, palikuwa na kijumba kizuri cha ukuta mweupe kilichoezekwa kwa nyasi, chenye picha ya mwanamke kwenye mlango mmoja na ya mwanamume kwenye mlango wa pili.

"Ile nyumba ni ya nani?" mama akauliza.

"Ni choo, mama."

"Cha nani?"

"Cha wageni."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama anavyomwitikia daktari anapoelezwa dawa. Akaketi juu ya jiwe. Mimi nikaenda kumtafuta baba mdogo, na sikwenda kwa adabu.

Nikamkuta nyuma ya mgahawa na mhifadhi aliyekuwa akisimamia shughuli, kijana mpole, viatu vinang'aa. Nikamuuliza baba mdogo mbele yake kama alijua walichojenga na walikojenga. Akaniambia nipunguze sauti. Nikaipandisha. Ndipo habari ikatoka, nusu kwa mmoja na nusu kwa mwingine.

Kabla ya ujenzi, kamati ya pamoja yote ilipita hapo kwa miguu pamoja na fundi. Ndiyo maana ya usimamizi wa pamoja, mhifadhi akaniambia, wenyeji wanaulizwa. Na kweli waliulizwa. Kila mahali fundi alipotaka kuchomeka kigingi aliwageukia wazee wa ukoo: hapa pana kaburi? Na kila alipouliza, wazee wetu wote walitazama ziwani. Hakuna aliyejibu ndiyo, hakuna aliyejibu hapana. Kwa sababu kwetu kaburi halionyeshwi mgeni, halitajwi mbele ya mgeni, na mgeni akikuuliza unatazama kwingine mpaka aache kuuliza. Ni kwa sababu ya wale wachawi wa udongo. Mtu yeyote wa ukoo wetu akiona wazee wote wanatazama kwingine kwa pamoja angejua kwamba amesimama juu ya mtu. Fundi hakuwa wa ukoo wetu. Aliona wazee wametulia, akachomeka kigingi.

Na alichagua pale kwa sababu ya udongo. Sehemu nyingine zote za ufukwe ni miamba. Pale palikuwa na udongo laini mweusi, wa migomba iliyowekewa majani na majivu ya jiko tangu enzi za babu wa babu. Shimo la choo likachimbika kwa raha.

"Tuliuliza, mama," mhifadhi akasema. "Wallahi tuliuliza kila hatua. Wangesema tu."

Alikuwa na haki, na haki yake ilinichefua. Nikamgeukia baba mdogo.

"Wewe ulijua kwamba yuko pale."

"Nilijua, mama aliniambia kabla hajafa. Ningesemaje mbele ya mgeni? Ungetaka niivunje desturi ya baba yangu?"

Anayewavisha Wasukuma ngozi za mbuzi ndiye ananiuliza habari za desturi.

"Na walipochimba?" nikauliza. "Hawakuona kitu?"

Baba mdogo akainua mabega. "Mtoto mchanga, mwanangu. Mifupa yake ni kama ya kuku. Nani angejua?"

Hapo ndipo nilipotapika. Sikuwahi hata kugeuka vizuri. Nilitapika kwenye miguu ya meza ya mgahawa waliyokuwa wamepanga matunda juu yake, na mhifadhi yule mpole akaruka kuokoa viatu vyake. Nikaenda kuegemea minyaa, nikatapika tena chai ya asubuhi mpaka ikabaki nyongo. Nilikuwa nawaonea kinyaa wote kwa pamoja: hifadhi inayouliza swali ambalo haitaki jibu lake, wazee wanaomficha mtoto mpaka anachimbiwa choo, baba mdogo na meno yake. Nikajionea kinyaa na mimi kwa kuwa damu yao. Mhifadhi aliniletea maji ya chupa. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba jambo hili atalifikisha, lakini kwa mujibu wa utaratibu, kaburi lazima lithibitishwe na wazee wa ukoo wenyewe ndani ya kamati. Nikamuuliza wazee gani, wale wanaotazama ziwani?

Niliporudi kwenye jiwe mama hakuwapo.

Nilimwona mbali, anamalizia hatua za mwisho na fimbo yake, anafika kwenye kile kijumba cheupe. Akasimama mbele ya mlango wenye picha ya mwanamke. Akavua kandambili zake, akaziacha nje, kama anayeingia ndani ya nyumba ya mtu. Akaingia. Nikasikia komeo linafungwa.

Wakati huo huo ngoma zikaanza. Vijana wa Nyantakara walikuwa wamejipanga mbele ya wageni, ngozi zao zimefungwa kiunoni, na vumbi likatimka kama baba mdogo alivyotaka. Nikawahi mlangoni mwa choo, nikabisha, nikamwita mama. Kwanza sikusikia kitu. Kisha nikasikia anaita jina. Lilikuwa jina la mtoto wa kiume, na sijawahi kulisikia nyumbani kwetu siku hata moja. Miaka yote hiyo nilikuwa nasema "yule mtoto", na kumbe alikuwa na jina.

Akaliita tena, na safari hii sauti ikapanda. Yowe la mama aliyefiwa halifanani na kilio kingine, kila mtu aliyekulia kijijini analijua hata akiwa usingizini. Lilikuwa limezibwa tangu mama ni binti mwenye maziwa kifuani, na sasa likatoka lote. Vigae vya choo vikalirudisha, likawa kubwa kuliko mwili wake mgonjwa. Nikaweka paji la uso kwenye mlango ule wa kunukia dawa ya maua, nikalia na mimi.

Baba mdogo alilisikia. Nilimwona kwa mbali anawapungia mkono wapiga ngoma wazidishe, wazidishe, wafunike. Wakazidisha kidogo. Lakini msichana aliyekuwa anaongoza uchezaji akasimama ghafla katikati ya vumbi, akasikiliza. Nao wana mama zao. Akaishusha mikono, akaketi chini, akaweka kiganja shavuni. Wenzake wakamwona, wakaacha mmoja baada ya mwingine, wakaketi, ngozi za mbuzi na yote. Wapiga ngoma wakawa wa mwisho. Kikabaki kilio cha mama peke yake juu ya ziwa lote, na viboko wanakoroma.

Wageni wakaanza kutazamana. Kulikuwa na mama mmoja wa mjini aliyekuwa amekuja chooni, karatasi mkononi, amesimama nyuma yangu hajui afanyeje. Nikamwambia asubiri. Ndipo nikamsikia baba mdogo anasafisha koo. Amesimama mbele ya wageni na kizibao chake, ametoa sauti ya mikutano.

"Ndugu wageni, hicho mnachosikia ni kilio cha kuwaita mababu. Ni sehemu ya sherehe yetu ya asili."

Mkalimani akatafsiri. Nyuso zikalainika. Simu zikainuliwa, zote zikaelekezwa chooni. Hata yule mama wa mjini akatia karatasi yake mfukoni, akarudi nyuma hatua kadhaa ili mlango wote uingie kwenye picha, na mimi nikiwa nimeuegemea na matapishi kwenye kanga.

Mama alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha nikasikia maji ya bomba, ananawa. Komeo likafunguka. Akatokea kizingitini, kilemba kimemwangukia shingoni, macho mekundu, uso unadondoka maji.

Wageni wakapiga makofi. Walipiga kwa moyo wote, wengine wamesimama, na mzungu mmoja mzee alikuwa anafuta machozi.

"Wanashangilia nini?" mama akaniuliza.

"Wanadhani ni ngoma."

Akawatazama kwa muda, akitafuta kandambili zake kwa miguu. Mwanamke anayepokea wageni wa kambi, amevaa sare iliyopigwa pasi vizuri, akatujia akitabasamu na mikono ameiunganisha.

"Shikamoo bibi. Wageni wameguswa mno. Mwakani tunakuomba uje tena ufanye hivi hivi."

Mimi nilikuwa na la kumjibu. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, na lisingeandikika hapa. Mama akaniwahi.

"Marahaba," akasema. "Mtanipa gari?"

"Tutakupa, bibi. Utakaa mbele na dereva."

"Basi nitakuja."

Jioni aliketi mbele kweli, na mimi nikabanwa pembeni yake. Nilikuwa nimekasirika. Nikamwambia, mama, desturi yenyewe ni siku moja, na leo umelia. Akanijibu kwamba yaliyokusanyika yote yale hayawezi kwisha kwa siku moja. Nikamwambia watu wale watakuwa wanamtazama, wanampiga picha, wanamshangilia, na baba mdogo atakuwa anasema uongo juu yake.

"Macho ni yao," akasema. "Mimi namlilia mtoto wangu." Kisha akasinzia, kichwa begani kwangu, na kwa mara ya kwanza tangu miguu imvimbe alilala njia nzima.

Kamati ilikaa baada ya hapo. Mhifadhi alitimiza ahadi yake, akawauliza wazee rasmi kama chini ya choo kuna kaburi, ili kihamishwe. Nimeelezwa kwamba walitazama dirishani, kwa sababu ukumbini hapakuwa na ziwa. Mimi sina kauli pale, nimeolewa Kanazi, na mama ni mwanamke. Choo kipo.

Mwaka huu wakamfuata na gari mpaka mlangoni. Tulipofika tukakuta wameandaa kiti cheupe cha plastiki kwenye nyasi, kimetazamishwa kwa wageni, na kipaza sauti juu ya nguzo yake. Yule mwanamke wa kambi akamshika mama kiwiko kwa upole kabisa.

"Bibi, mwaka huu ulilie hapa nje. Mwanga ni mzuri, na kila mtu atakuona."

Mama akakitazama kile kiti.

"Hapo nje hayupo," akamwambia. Akavua kandambili, akaingia chooni, akafunga mlango.